Kwa nini nafasi 4 zilibaki 4: historia fupi ya barua pepe inayotaka kubadilika



Mwezi uliopita mdogo wetu mmoja wa hapa Kapolowe alinionyesha barua pepe ya mafunzo yaliyopangwa Likasi. Ndani yake kulikuwa na kitufe cha kujiandikisha, na juu yake maandishi: zimebaki nafasi 4. Hakubonyeza, juu alikuwa anatafuta kwanza feza ya kulipa. Jumatatu 4, Jumanne 4, Jumatano 4. "Yaya, nafasi iko, angalia mwenyewe," njo vile aliniambia. Alhamisi akapanda gari. Kufika Likasi akaambiwa nafasi zilijaa tangu Jumatatu jioni.

Batu walisema simu yake ni ya zamani, ama rezo ya Kapolowe. Mimi nikataka kujua, nikarudi nyuma kwenye historia.

Mwaka 1971 Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika mtandao wa ARPANET. Ilikuwa maandishi tu, na ikishatumwa haibadiliki, sawa na barua ya karatasi. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni za MIME. Kwa kanuni hizo, barua moja inaweza kubeba sura kadhaa za habari ileile, na programu ya msomaji inachagua ile inayoielewa. Shikeni neno hilo, tutalirudilia.

Kwa nini barua haikupewa tangu zamani nguvu ya kujibadilisha kama ukurasa wa intaneti? Ni woga, na woga wenye sababu. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilikuja ndani ya kiambatisho cha barua pepe na kikaharibu kompyuta mingi duniani. Programu za barua zikazidi kufunga mlango kwa kila kitu kinachojiendesha chenyewe.

Watumaji wakatafuta njia ya pembeni: picha. Walichora hesabu ndani ya picha iliyokaa kwenye seva yao, na barua ikawa inaivuta kila inapofunguliwa. Lakini Desemba 2013 Gmail ilianza kupitisha picha kwenye seva zake yenyewe, ambako nakala inaweza kuhifadhiwa. Mtumaji asipokataza uhifadhi huo, msomaji anaweza kuonyeshwa picha ya jana.

Njo ikaja barua hai. Mwaka 2017 Microsoft ilileta kadi zenye vitufe ndani ya Outlook. Ukibonyeza, seva ya mtumaji inapaswa kurudisha kadi mpya; isiporudisha, ile ya zamani inabaki mbele ya macho, hata kama kazi imeshafanyika. Februari 2018 Google ilitangaza AMP ya barua pepe, na Machi 2019 ikaifungua kwa watumiaji wa Gmail. Outlook.com iliijaribu, kisha ikaiacha Oktoba 2020. Kwa hiyo barua ileile iko hai kwa mmoja na imelala kwa mwingine.

Tena, barua hai inataka rezo kila unapoifungua. Sisi Wakongo hatuhitaji kufundishwa hilo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima karibu siku 20. Barua ya kawaida iliyokwisha kuingia kwenye simu ilisomeka. Barua ya kuuliza seva ingemwuliza nani?

Sasa turudi kwa mdogo wetu. Nilipofungua ile barua, niliona haikutoka moja kwa moja kwa waandaaji. Rafiki yake alimtumia kwa kuisambaza. Na Gmail, barua ya AMP ikisambazwa, huondoa sehemu iliyo hai. Inabaki ile sura nyingine ya MIME, iliyoandikwa mara moja siku ya kutuma. Ndani yake mtumaji alikuwa ameandika 4. Hesabu ile haikukwama. Haikuwa na uwezo wa kusogea tangu mwanzo.

Basi barua yenu ikikataa kubadilika, ulizeni kwa mpangilio: imesambazwa? Programu yangu inaielewa? Nimeruhusu picha na barua hai kwenye mipangilio? Rezo iko? Yote yakiwa sawa, huenda kosa liko kwa seva ya mtumaji, na hata ukibadilisha simu hutalitibu.

Na sisi tunaotuma matangazo ya chama: ndani ya sura isiyobadilika tusiandike kamwe hesabu inayobadilika. Tuandike tarehe, saa, na namba ya mtu wa kupigia. Mdogo wetu angepiga simu moja tu Jumanne, angebaki na feza yake ya gari.