Bastola ya Mfukoni na Kipimo cha Mkono

Zamani Waswahili walipima vitu kwa viungo vya mwili. Morita ni toka ncha ya gumba hata ncha ya kidole cha shahada. Shibiri ni toka gumba hata kidole cha mwisho. Dhiraa ni toka kiko cha mkono hata ncha za vidole. Achongaye mpini wa jembe au wa shoka hujua ya kuwa chombo kisichoenea mkononi humchosha mwenyewe kwanza, kisha humjeruhi. Walakini katika historia ya bastola ndogo za kufichwa nguoni, ukweli huu ulio wazi ulisahauliwa muda mrefu. Mafundi waliupima mfuko wa nguo, wasiupime mkono wa mtu.

Neno bastola ni geni lililokwisha kupata uraia katika Kiswahili, nalo ni jamaa ya pistola ya Kireno. Historia ya bastola ya mfukoni, hata hivyo, imefungamana zaidi na Marekani. Huko Philadelphia, tangu mwaka 1806, alikuwako fundi mmoja jina lake Henry Deringer, aliyezaliwa mwaka 1786. Sifa zake zilienea kwa bastola fupi za risasi moja, zilizoshindiliwa kwa mdomoni na kuwashwa kwa fataki. Wengi waliziiga, na katika kuziiga wakaliongeza jina lake herufi moja. Basi derringer, kwa r mbili, likawa jina la kila bastola ndogo ya namna ile. Ni mara chache jina la mtu kugeuka kuwa jina la kitu kwa kosa la tahajia.

Tarehe 14 Aprili 1865, katika ukumbi wa michezo wa Ford mjini Washington, John Wilkes Booth alimpiga Rais Abraham Lincoln kwa bastola ya Deringer. Urefu wake wote haukufika inchi 6, na uzito wake ulikuwa wakia 8 hivi. Ilifichika kwa urahisi. Lakini kwa kuwa ilikuwa na risasi moja tu, Booth aliitupa mara ile ile, akamkabili Meja Henry Rathbone kwa kisu. Lincoln alifariki asubuhi ya pili yake. Katika tukio hilo huonekana sifa mbili za silaha hii: hufichika sana, nayo hufaa karibu sana tu.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa silaha ya kufichwa kuwatia watu hofu. Kentucky na Louisiana zilipiga marufuku kubeba silaha za siri mapema, mwaka 1813. Mahakama ya Kentucky iliitangua sheria ya huko mwaka 1822, lakini majimbo mengine yalifuata njia ile ile ya kukataza. Kwa maoni ya wengi wa zamani zile, mtu mwema hubeba silaha yake waziwazi, na afichaye ana neno moyoni. Mambo yaligeuka baadaye. Sheria ya Florida ya mwaka 1987, iliyompa kibali kila atimizaye masharti, ikawa mfano kwa majimbo mengi, na leo zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani hayadai kibali kabisa. Kwa hiyo jambo lililokuwa la wachache limekuwa la mamilioni, na swali la mkono limekuwa zito kuliko zamani.

Mafundi nao walikuwa wakiendelea. Mwaka 1887 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa bastola ambayo kinyundo chake kimefunikwa ndani, kisinase nguoni, na ambayo hailii mpaka kiganja kiufinye mgongo wa mpini. John Moses Browning wa Utah, aliyezaliwa mwaka 1855, alifanya bastola zinazojipakia zenyewe ziwe bapa na nyembamba. Ile ya kipenyo cha milimita 6.35, iliyotolewa na kiwanda cha FN cha Ubelgiji mwaka 1906, haikuzidi sentimita 12 kwa urefu. Hiyo pia ilikuwa na usalama wa mpini. Yaani mkono usiokaa barabara uliweza kuikuta silaha imenyamaza. Bastola nyingine ya Browning, ya mfano wa mwaka 1910, ndiyo iliyotumiwa na Gavrilo Princip huko Sarajevo tarehe 28 Juni 1914.

Ushahidi mkubwa juu ya kipimo cha mkono, hata hivyo, ulitoka katika bastola kubwa ya jeshi la Marekani ya mwaka 1911. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilirekebishwa: kifyatulio kikafupishwa, chuma cha nyuma yake kikachongwa ili kidole kifike, na mgongo wa mpini ukapinda kidogo kuelekea kiganja. Hapo jeshi lilikiri kwa vitendo ya kuwa kosa la shabaha si la askari siku zote. Huenda likawa la mpini.

Kosa la upande wa pili nalo lilionekana. Bastola ya Walther PPK, ya mwaka 1931, ilisifiwa kwa udogo wake. Lakini mwenye mkono mnene aliweza kukatwa ngozi ya kati ya gumba na shahada kila chuma cha juu kilipokuwa kikirudi nyuma. Smith & Wesson walipoanza kuitengeneza mwaka 2002, waliurefusha ukingo wa nyuma ili kuukinga mkono.

Kutoka mwaka 1994 mpaka 2004 sheria ya Marekani ilizuia kuwatengenezea raia magazini mpya za risasi zaidi ya 10. Ikiwa risasi ni 10 tu, hapakuwa na haja ya mpini mkubwa; basi katikati ya miaka ya 1990 Glock ya Austria ikatoa bastola fupi ya Glock 26, fupi lakini nene. Muda si mrefu Walther wakaleta P99, ambayo mgongo wa mpini wake hubadilishwa kulingana na mkono wa mtu. Mwaka 2018 ikaja SIG P365, iliyochukua risasi 10 katika umbo jembamba.

Historia hii yaondoa dhana moja kubwa, kwamba mkono mdogo hufaa bastola ndogo. Wanawake wengi wameuziwa bastola nyepesi kwa hoja hiyo. Kumbe silaha ikiwa nyepesi, risasi ikiwa ile ile, teke lake huzidi; na mpini mfupi hukinyima kidole cha mwisho mahali pa kushika. Kipimo cha kweli ni kingine. Silaha ikiwa imehakikishwa kuwa tupu, mtutu na ulingane na mfupa wa mkono. Pedi ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio pasipo kuipinda bastola. Na nguvu za mkono zitoshe kuvuta chuma cha juu nyuma. Lililo kubwa mno huizungusha mikono, nalo lililo dogo mno huiponyoka. Na risasi iliyokwenda kando haina mwenyewe, humpata apitaye.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuwa wakisema habari za bastola, lakini abebaye bastola nguoni hana budi kuyafikiri maneno hayo kila avaapo.