Kutoka Paris hadi Mukuyuni: Historia Fupi ya Kuzima Jua

Mukuyuni maana yake ni penye mkuyu. Hapa Ukambani kivuli kina thamani, na mtu yeyote aliyehudhuria ntheo saa saba mchana anajua kwa nini wazee hukalia upande fulani wa boma. Makueni iko karibu digrii mbili tu kusini mwa ikweta. Kuna siku za Machi na Septemba ambapo jua linasimama utosini kabisa. Sasa mlete videografa hapo, na bibi harusi mwenye gauni jeupe.

Hesabu yake si ngumu. Video ya fremu 25 kwa sekunde inataka shata ya 1/50 ili mwendo wa watu uonekane wa kawaida. Kwenye jua kali, ukiwa ISO 100, shata hiyo inakulazimisha kufunga lenzi hadi f/22. Lakini mwenye harusi anataka ile mandhari ya nyuma iliyolainika, kama ya sinema, yaani f/2.8. Hapo katikati kuna stopu sita, na kila stopu hukata mwanga nusu. So lazima uruhusu sehemu 1 tu kati ya 64 iingie. Kamera ikirekodi kwa log kuanzia ISO 800, inakuwa sehemu 1 kati ya 512. Ukisema upandishe shata badala yake, wacheza ngoma wataonekana kama roboti.

Wapiga video wa televisheni hawakusumbuka hivi. Kamera zao za begani zilikuwa na gurudumu la filta ndani: unazungusha, kioo cheusi kinashuka, kazi inaendelea. Halafu 2008 Canon ikatoa 5D Mark II, kamera ya picha iliyorekodi pia video ya HD. Vijana wasio na stesheni wala bosi wakapata picha ya sinema. Gurudumu likabaki kwa wenye pesa. Wengi wakaziba pengo hilo kwa filta ya ND inayobadilika, ile unafunga mbele ya lenzi na kuizungusha kwa vidole, giza likiongezeka taratibu.

Ndani yake kuna vioo viwili vya kuchuja mawimbi ya mwanga, kila kimoja kikipitisha yale yanayotikisika upande mmoja tu. Vikielekea pamoja, mwanga unapita. Kimoja kikikingama kwa kingine, karibu wote unazuiwa. Mfaransa Étienne-Louis Malus ndiye aliyeandika kanuni hiyo, baada ya kuchungulia kupitia kipande cha fuwele, mwaka 1808, jua lililoakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg huko Paris. Ukizidisha kuzungusha kwenye lenzi pana unapata alama ya X angani. Hiyo ni fizikia ya vioo vyenyewe, usimlaumu muuzaji.

Fuwele zilikuwa ghali na ndogo. Aliyefanya kioo hiki kiwe cha bei nafuu ni Edwin Land, kijana aliyeacha Harvard (ndiyo, kuna sisi wengine) na kuanza kufanya majaribio New York. Aliomba hataza 1929. Shida aliyotaka kuitatua ilikuwa taa za magari zinazopofusha madereva usiku. Kampuni yake, 1937, ikaitwa Polaroid.

Na hapa hadithi inatugusa. Polaroid baadaye ilijulikana kwa picha za papo hapo, na mfumo wake ukatumika Afrika Kusini kupiga picha za vitabu vya pasi ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba. Mwaka 1970 wafanyakazi wake wawili weusi, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua hilo wakiwa kazini kwao Marekani, wakaanzisha mgomo wa kususia bidhaa zake. Hunter alifutwa kazi. Kampuni ilijitoa Afrika Kusini 1977. Babu zetu walijua kitu cha aina hiyo: kipande, kuanzia 1920 hivi, kikining'inia shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, kikiwa na alama za vidole na rekodi ya kila mwajiri.

Sisemi filta yako ina dhambi. Nasema kioo hakijawahi kuwa kitu kisichohusiana na nyuso zetu, na bado kinahusiana. Ngozi huakisi mwanga kwa njia mbili: mng'ao wa juu, na mwanga unaoingia ndani na kutoka ukiwa na rangi. Ngozi nyeusi humeza zaidi ule wa ndani, so umbo la shavu na paji la uso hubebwa sana na mng'ao. Filta inayobadilika hula sehemu ya mng'ao huo. Ukiizungusha kupunguza jua, unageuza pia jinsi uso unavyong'aa, na shot mbili za mtu yuleyule zinaweza kutofautiana bila wewe kuelewa kisa ni nini. Mafunzo mengi ya mtandaoni hayagusii hili, labda kwa sababu nyuso wanazofanyia majaribio si zetu.

Kwa hivyo, kwa ngoma na mbuzi wanaokimbizwa, tumia inayobadilika, ni ya haraka. Kwa uso wa bibi harusi nunua ND ya kawaida, ya stopu sita, kioo kimoja tu kisichochagua mawimbi. Mpake mafuta kidogo, umgeuze kidogo kutoka kwenye jua, na uache paji la uso ling'ae.