Kubashiri Neno Linalofuata: Je, Hiyo Ndiyo Akili?

Malizia hapa: "Vitabu vyote vi..." Tayari umebashiri, si ndiyo? Vimepotea, vimechanika, vimeisha.

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1913 mwanahisabati wa Urusi, Andrei Markov, alihesabu herufi 20,000 katika utenzi wa Pushkin. Akaonyesha kwamba irabu na konsonanti hazifuatani ovyo: herufi iliyotangulia inadokeza ijayo. Mwaka 1951 Claude Shannon wa Marekani akachapisha majaribio ambapo mtu anabashiri herufi inayofuata katika maandishi ya Kiingereza. Mara nyingi alipatia, kwa sababu lugha yake anaijua.

Mashine za leo zinacheza mchezo huohuo, ila zimefundishwa kwa malundo ya maandishi. Je, zina akili?

Tuangalie huku Magu. Mtoto wa Kisesa anajifunza Kisukuma kwa bibi yake na kwa wenzake malishoni, bila kitabu hata kimoja. Mashine bila maandishi haina pa kuanzia, na ya Kisukuma ni machache, ingawa Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini.

Halafu mtoto akisema "mvua inakuja", ameliona wingu juu ya ziwa. Mashine ya maneno matupu imeona tu kwamba "mvua" na "inakuja" hupenda kuandamana.

Ufundi wa lugha inao, nakubali. Lakini mkulima wa pamba akiiuliza kama apande leo, atajibiwa kwa Kiswahili safi kabisa, wingu liwepo lisiwepo. Hapo mwenye akili ni yule anayetoka nje kuangalia.