Aina za Udongo Mkoani Singida na Namna Zinavyohifadhi Maji

Mkoa wa Singida, ulio katika ukanda wa kati wenye mvua haba, hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa sababu hiyo, mavuno ya alizeti, mtama na mahindi hayategemei kiasi cha mvua pekee, bali pia uwezo wa udongo kupokea maji na kuyatunza hadi mvua inayofuata.

Tabia ya udongo hutokana zaidi na ukubwa wa chembe zake. Chembe za mchanga huwa na kipenyo cha milimita 0.05 hadi 2, ilhali za mfinyanzi hazifikii milimita 0.002.

Udongo wa kichanga, unaopatikana kwa wingi katika maeneo ya miinuko, hupitisha zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa. Hata hivyo, kina cha mita 1 huhifadhi milimita 25 hadi 100 tu zinazoweza kutumiwa na mimea. Mvua ikikatika kwa wiki mbili, mazao yenye mizizi mifupi hunyauka.

Udongo mweusi wa mbuga, uliopo mabondeni, likiwemo bonde la Wembere, una mfinyanzi mwingi. Kina hicho hicho huhifadhi milimita 175 hadi 250, lakini hunyonya milimita 1 hadi 5 tu kwa saa. Ukiloa huvimba, hunata na kutuamisha maji. Ukikauka hupasuka nyufa pana zinazoweza kuharibu barabara na misingi ya nyumba.

Mabadiliko hayo ya udongo kutoka kilimani hadi bondeni yalielezwa kitaalamu miaka ya 1930 na Geoffrey Milne, mtafiti wa udongo katika kituo cha Amani, Tanga.

Mkulima anaweza kutambua udongo wake kwa kuviringisha donge lenye unyevu kiganjani: la kichanga humomonyoka, la mfinyanzi hufanya uzi mrefu unaopindika bila kukatika.

Katika udongo wa kichanga, samadi na mboji huongeza uwezo wa kutunza maji, na matuta yanayokinga mteremko hupunguza mmomonyoko. Katika mbuga, matuta yaliyoinuliwa na mifereji huondoa maji yaliyotuama, na mpunga hustahimili zaidi hali hiyo. Kabla ya kuchagua zao, wakulima wanashauriwa kumwona afisa ugani wa kijiji au kata.