Jumuiya ya Kiinjili

Jumuiya ya Kiinjili, dhehebu la Kikristo lililochipuka miongoni mwa Wajerumani wa Pennsylvania, Marekani, asili yake ni Jacob Albright (1759–1808), mchoma vigae vya kuezekea aliyesifika kwa uaminifu katika biashara yake, ambaye mwaka 1790, baada ya kufiwa na watoto wake kadhaa kwa maradhi ya kuhara damu na kuusikia waadhi wa mazishi yao, alishikwa na hofu ya Mola hata asipate raha mpaka alipotubu mwaka uliofuata. Alijiunga na Wamethodisti, akaipenda nidhamu yao. Lakini wao walihubiri kwa Kiingereza, ilhali jirani zake wakulima walisali kwa Kijerumani, na kwa rai yetu hapo ndipo penye shina la jambo zima, kwani kilichowatenga ni lugha wala si itikadi. Mwaka 1796 alianza safari za kuhubiri, akisimama popote alipopata wasikilizaji, majumbani na maghalani. Mwaka 1800 akaunda vikundi vitatu. Mwaka 1803 wafuasi wakamwekea mikono. Na Novemba 1807, huko Kleinfeltersville, wakamchagua kuwa askofu, miezi sita tu kabla ya mauti yake. Jina la Jumuiya lilikubaliwa mwaka 1816. Warithi wake, baada ya mifarakano na miungano, waliungana na Wamethodisti mwaka 1968.