Nyimbo za Walioachwa

Mtu aliyeachwa na mpenzi wake hutafuta wimbo. Lakini huupata kwa kadiri ya vyombo vya zama zake. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na aliyetaka kumsikia nyumbani hakuwa na budi kuwa na santuri, ama jirani mwenye nayo.

Kwa watu wa Masagati, redio ndiyo iliyobadili mambo. Matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na baada ya uhuru redio ndogo za betri zikaenea vijijini. Tena bendi mashuhuri zilitoka Morogoro: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz, ambamo Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa hadi mwaka 1973.

Nyimbo nyingi za dansi za enzi hiyo zina sehemu mbili. Kwanza mwimbaji hulalamika taratibu na kuuliza kosa lake. Kisha huja chemko: maneno hupungua, magitaa huharakisha, na mwenye huzuni huvutwa kucheza. Basi aliyeachwa hakulazimika kuchagua kati ya kilio na furaha. Wimbo mmoja ulimpa vyote viwili.

Lakini redio ilikuwa na hukumu yake. Wimbo aliocheza na mpenziwe uliweza kupigwa bila yeye kuuomba, na majirani wakausikia pamoja naye. Hapo ndipo ulipokuwa uchaguzi wake wa kweli: kuizima redio, au kuvumilia hadi chemko.