Umeme, Jina na Barua Isiyofika: Sura Fupi ya Historia ya Baruapepe Chake Chake

Historia ya mawasiliano ya Pemba huandikwa kama historia ya waya. Kwa kigezo hicho, mwaka 2010 ndio mwaka mkuu: kebo ya umeme iliyolazwa baharini kutoka Tanga ilianza kukihudumia kisiwa, na jenereta za dizeli za Wesha, jirani na Chake Chake, zikaacha kuwa tegemeo la kila siku. Insha hii haipingi umuhimu wa kebo. Inadai kwamba, kwa upande wa baruapepe, kigezo hicho kinaficha badiliko la namna ya kushindwa kwenyewe.

Itifaki ya kusafirishia baruapepe, iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982, ilikadiria kuwa mitambo itazimika. Seva inayotuma ikikosa jibu, huiweka barua foleni na kujaribu tena, kwa kawaida kwa siku 4 au 5. Kwa hiyo kukatika umeme kuliweza kuichelewesha barua; kuipoteza kulikuwa nadra.

Jina halina subira hiyo. Mfumo wa Majina ya Vikoa, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, huhitaji mtambo wa kutafutia majina, na Desemba 2009 Google ilifungua wake kwa umma kwa anwani 8.8.8.8. Kwa fundi wa mji mdogo ilikuwa njia nyepesi mno. Athari yake ilijitokeza kwenye orodha za watumaji wa barua taka, kama zile za Spamhaus, ambazo huulizwa kupitia mfumo huohuo wa majina. Jibu la 127.0.0.2 humaanisha kuwa mtumaji ameorodheshwa. Lakini mwenye orodha hupima matumizi ya bure kwa anwani ya anayeuliza, na hapo humwona Google, haioni seva ya Pemba. Hukataa kuhudumia, siku hizi hurudisha 127.255.255.254. Seva iliyopangwa kulichukua jibu lolote kuwa hukumu huikataa kila barua papo hapo, bila foleni.

Dawa yake ni kuweka mtambo wa kutafutia majina ndani ya seva yenyewe, kwa mfano programu ya Unbound. Huo huanzia kwenye mzizi wa mfumo, ukashukia kwa wasimamizi wa .tz au kikoa kingine, ukahifadhi majibu, na ukauliza kwa anwani yake wenyewe. Kazi ni ya saa moja, ikiwa fundi ametambua ugonjwa.

Kutambua ndiko kugumu, na hapa mwanahistoria ana lake la kuhofia. Taarifa ya kukataliwa hurudi kwa mtumaji pekee. Kasha la mpokeaji wa Chake Chake halioneshi chochote, wala barua wala kosa. Alama hubaki kwenye daftari la matukio la seva, ambalo kwa kawaida hufutwa baada ya wiki chache. Mtafiti anayehesabu barua zilizopokelewa ili kupima uhusiano wa ofisi za Pemba na Unguja au Muscat hana budi kuanzia kwenye nakala za watumaji.